Kasimele Huingia Mwisho

Siti binti Saad alikuwa akitembeza vyungu kutoka Fumba hadi mjini Unguja kabla taarabu haijamchukua, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Wanaopikia vyungu hivyo hawajapata bahati hiyo, wengi wao. Anayetaka kuyajua maisha ya mpishi itambidi ayasome mkononi mwake. Mimi ningemwelekeza Hale, kandokando ya barabara ya Segera kwenda Tanga, kwenye kibanda cha mama lishe anayepika kisamvu. Aende asubuhi. Saa sita ataona sahani tu.

Asubuhi kuna kinu. Majani machanga ya muhogo yanatwangwa hadi yalainike kabisa, kisha yanachemshwa muda mrefu, sufuria wazi. Muhogo una sumu, majani yake pia. Kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoitoa, kwa hiyo hapa hakuna njia ya mkato. Wakati huo nazi inakunwa juu ya mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu. Kasimele, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, linawekwa pembeni. Tui jepesi ndilo linalotangulia sufuriani pamoja na kitunguu, liive na mboga taratibu.

Kasimele huingia mwisho, na hapo ndipo pa kumkodolea mpishi macho. Kuni mbili zinavutwa nje ya mafiga. Upawa unachota, unainua, unamimina, bila kupumzika, mpaka mchuzi uanze kutokota kidogo. Moto ukizidi tui linakatika, mafuta yanakwenda zake na maji zake, na nazi imeharibika. Mpishi mzoefu anafanya yote hayo huku akimrudishia mteja chenji na kumuulizia mgonjwa wake. Kuni kavutaje? Hata hakutazama. Miaka yake yote imo katika mvuto ule.

(Mitambo ya umeme wa Mto Pangani ilianza kazi hapo hapo Hale mwaka 1964, yenye uwezo wa megawati 21. Kisamvu bado ni cha kuni.)

Halafu bada, ugali wa muhogo. Makopa yaliyokaushwa yanatwangwa, unga unachekechwa, mwiko unasonga hadi donge livutike na kung'aa. Mkonge, ulioingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ulileta manamba, vibarua wa mashamba hayo, kutoka mbali hadi huku, wakiwemo Waha wa Kigoma, nao walikuwa wameulea mwili kwa ugali wa muhogo huko kwao. Leo mjukuu wa Muha na Mbondei wa huku wanakula bada moja bila kuulizana. Msambaa aliyeshuka kutoka milimani akitaka sembe, ipo pia, sufuria ya pili, na mama anakuwa ameshamkatia tonge lake kabla hajavuta benchi.