Ukiwa na Shaka, Jibu N: Uhakiki wa Maelezo ya Viendeshi katika Kiini cha Linux

Maelezo mafupi ya msaada yanayoambatana na viendeshi katika usanidi wa kiini cha Linux ni nadra kuhakikiwa kama maandishi. Mfumo wa Kconfig, uliobuniwa na Roman Zippel na kuenea kupitia toleo la 2.6 la mwaka 2003, humtaka msanidi aamue kuhusu kila kiendeshi: Y, kijengwe ndani ya kiini; M, kiwe moduli ya kupakiwa kinapohitajika; N, kiachwe.

Kasoro ya kwanza ni ya utambulisho. Mwenye kadi ya mtandao ya Intel huelezwa kwamba moduli yake itaitwa e1000e. Jina hilo mara nyingi hulijua kwa amri ya lspci -k, tena kwenye kompyuta ambayo kiini chake tayari kinaitambua kadi hiyo. Anayeanza hana pa kushika.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Maelezo mengi hufunga kwa kushauri kwamba mwenye shaka ajibu N. Yale ya kifaa cha loop, kinachowezesha faili kutumika kana kwamba ni diski, husema kwamba watumiaji wengi watajibu N. Huenda ushauri huo ulifaa zamani. Leo vifurushi vya snap katika Ubuntu hupachikwa kwa njia hiyohiyo, na anayeutii atazikosa programu zake. Kwa kidhibiti cha diski, hata M ina hatari: pasipo faili ya initramfs iliyobeba moduli hiyo, kiini huwaka, kikakosa mfumo wa faili wa mzizi, kikasimama hapo.

Wapo wanaopendekeza maelezo haya yatafsiriwe kwa Kiswahili yalivyo. Sikubaliani nao. Tafsiri aminifu ingeurithisha ushauri uliochakaa kwa wanafunzi wasio na njia ya kuupima. (Hata kitenzi kina utata: asili humwamuru msomaji “aseme” Y, ilhali kwetu swali hujibiwa.) Maelezo ya asili yarekebishwe kwanza, kwa viraka vidogo vinavyotumwa kwa wasimamizi wa kila kiendeshi. Kiraka cha aya moja hakihitaji ujuzi wa kuandika kiendeshi. Kinahitaji kompyuta ya majaribio na mwalimu anayejua kusoma ujumbe wa dmesg. Bajeti za istilahi zianzie hapo, kabla ya kamusi nyingine kuagizwa.