Akili Isiyomaliza Kazi Yake: Kuisoma Upya Riwaya ya Kichwamaji

Marehemu Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, aliwahi kuiona riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ikipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Riwaya iliyofuata, Kichwamaji (1974), imepatwa na jambo jingine: imesomwa kwa haraka. Aghalabu husemwa kwamba Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu anayetusimulia habari zake mwenyewe, aliangamizwa na wingi wa kufikiri. Kwamba elimu ilimwondoa katika imani na mila, ikamwacha mpweke, hata akajiua. Tafsiri hii inapendeza mimbarani, nasi tuliwahi kuihubiri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haitoshi, na tena kwamba ina hatari.

Tuanze na kisasi. Manase, Mkuu wa Wilaya, amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto anaazimia kumlipiza kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase. Azimio hili lina sura ya hesabu: dada kwa dada, aibu kwa aibu. Lakini tukilipima kama hoja, linaanguka mara moja, maana Sabina hakutenda kosa lolote. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikwisha kukataa kwamba mtu abebe hatia ya mwingine, hata awe baba yake. Hapa basi hatuoni akili iliyozidi. Tunaona hasira iliyojivika joho la akili, ikaachwa ipite bila kuulizwa swali.

Yafaa kulinganisha kisa hiki na kile cha 2 Samweli 13. Absalomu naye alilipiza kisasi cha dada yake, Tamari, baada ya kungoja miaka miwili kwa utulivu wa kutisha. Lakini katika sura ile aliyetoa hoja safi ni Tamari mwenyewe. Akiwa katika hatari, alimweleza Amnoni aibu itakayompata yeye, upumbavu utakaompata Amnoni, na njia halali ya kusema na mfalme. Hakusikilizwa. Wala Absalomu hakumsikiliza, kwani alimwambia anyamaze. Rukia na Sabina wako katika hali hiyo hiyo: mambo yao yanaamuliwa na wanaume wawili, nao hawaulizwi.

Hapo ndipo tunapomlaumu mwandishi kidogo. Kwa kuwa riwaya nzima imo katika nafsi ya kwanza, wanawake hawa hutufikia kupitia macho ya Kazimoto tu. Hata baada ya Sabina kuwa mke wake, sisi wasomaji hatupati nafasi ya kutosha kujua yeye aliupimaje uhusiano ule. Huenda mwandishi alikusudia tuuhisi upungufu huo. Lakini hakutupa mahali pa kusimama ili tuuone.

Katika siasa hali ni ile ile. Riwaya inafunguka Kazimoto akingojeshwa ofisini kwa Manase, na anaona barabara jinsi cheo kinavyomgeuza mtu. Hata hivyo uchunguzi huo hauzai hoja kuhusu madaraka. Unageuka chuki ya nyumba kwa nyumba. Kezilahabi alilirudia suala la madaraka katika Gamba la Nyoka (1979), inayohusu vijiji vya ujamaa. Sera ile ilikuwa na sababu zake nzuri: shule, maji na zahanati hufikishwa kwa wepesi watu wakikaa pamoja. Lakini kuanzia Novemba 1973 kuhamia vijijini kulifanywa amri, na wengi walihamishwa bila ridhaa yao. Mpango wenye hoja nzuri usiomsikiliza anayehusika unafanana mno na kisasi cha Kazimoto.

Hata huzuni yake ina kosa hilo. Mtoto wake na Sabina anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na kutokana na maumivu hayo anakata shauri kwamba maisha yote hayana maana. Maumivu ni ya kweli, wala hatuyadharau. Lakini kutoka “mimi nimeumia” hadi “hakuna la maana” ni mruko mrefu, na uamuzi wa mwisho aliufanya peke yake.

Je, tuwaonye vijana wasifikiri? Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 inaihesabu akili miongoni mwa vipawa vya Muumba, pamoja na macho na masikio. Ni kweli kwamba Luther aliikemea vikali katika mahubiri yake ya mwisho mjini Wittenberg, Januari 1546. Lakini aliikemea inapotaka kuhukumu mambo ya imani. Katika mambo ya maisha haya aliiheshimu, kama mjadala wake wa mwaka 1536 kuhusu mwanadamu unavyoshuhudia.

Hatari ya tafsiri ya haraka ni hii: kijana mwenye huzuni akisikia mimbarani kwamba kufikiri ndiko kunakoua, atamficha mchungaji mawazo yake, naye atabaki nayo peke yake usiku, kama Kazimoto. Kwa maoni yetu, riwaya hii ifundishwe vyuoni mwetu, na mwalimu awaulize wanafunzi swali moja kwanza: nani katika kisa hiki alipaswa kuulizwa, wala hakuulizwa? Jibu likianza na jina la Sabina, kazi ya akili imeanza.