Kikanda cha Jioni, Kipushi

Kikanda hukaguliwa kwa kisu kabla hakijafika mdomoni. Kisu kikipita bila kung'ang'aniwa, kikatoka kikavu, na kipande kikasimama kwenye sahani pasipo kulegea, basi aliyekipika anaijua kazi. Kisu kikirudi na utando, magadi yalipungua au moto ulikimbizwa. Kipande kikimomonyoka, karanga zilizidi. Mchuzi hakuna, nyama hakuna, kitunguu cha kukaanga hakuna. Kosa la mpishi halina pa kujificha.

Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma ambaye hajawahi kukiona, kikanda ni mkate mzito wa rangi ya kahawia, unaopikwa kwa viazi vya okidi za porini na karanga mbichi zilizotwangwa. Naam, okidi, maua yale yale ambayo watu wa Ulaya huyanunua ghali wakayapanga dirishani. Zambia wanakiita chikanda, na watu wa mjini huko hukitania kwa jina la soseji, kwa vile hufanana nayo ingawa hakijaguswa na nyama. Upande wa Haut-Katanga, Kongo, kinaliwa na bukari, yaani ugali, kama mboga, kinatafunwa kikavu na mtoto anayetoka shule, na kinapangwa kwenye sinia pale wageni wanapokuwa wengi.

Anayefika Lubumbashi mara ya kwanza huelekezwa soko la Mzee Kabila, au Njanja, au soko la Kenya. Masoko hayo yana kila kitu na kelele zake. Lakini kikanda cha kusimulia utakipata kwenye visoko visivyo na jina kubwa, na mimi ukiniuliza nitakutuma Kipushi, mji wa mgodi ulio kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, mgongo wake umeegemea Zambia. Visoko vya mitaa yake havina ukuta wala geti. Kuna njia panda, kuna kivuli cha mwembe, kuna meza za mbao zilizopigwa misumari upya kila msimu wa mvua. Saa tisa alasiri pamelala. Saa kumi na moja, watu wanaporudi nyumbani, pamejaa mafungu ya sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa, lengalenga, kapenta, samaki aina ya Thomson ambaye barafu yake imeyeyuka njiani, madumu ya kinywaji cha munkoyo, na vinkubala, yaani viwavi, vilivyokaushwa. Uyoga nao huja mvua zikianza. Katikati ya hayo yote kuna sufuria moja iliyofunikwa kwa kitambaa. Hiyo ndiyo ya kuifuata.

Sababu ya kikanda kupendelea soko la mtaa ni ya kazi tu. Kinataka saa nyingi za jikoni na saa chache za kuuza. Mpishi anayekaa hatua mia kutoka mezani anaweza kupika mchana, akakiacha kipoe na kushikana, akakileta na sufuria yake kikiwa hakijatoa jasho. Tena wateja wake ni majirani. Leo akiwapunja, kesho watapita mbele ya meza yake wakimsalimia kwa heshima zote, "Mama, habari ya leo," bila kusimama.

Kazi yenyewe huanza kwenye kiazi. Okidi hizi huwa na viazi viwili chini ya ardhi: kimoja cha mwaka uliopita, kimesinyaa na kimeshatumika, na kingine kipya, kigumu, kilichojaa akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka kile kipya. Vinakuja sokoni vikiwa na udongo, vidogo, vingi havizidi kidole gumba. Huoshwa kwa maji mengi mpaka maji yatoke meupe, huanikwa mpaka viwe vikavu kabisa, kisha hutwangwa na kuchekechwa, mara mbili kwa mpishi anayejiheshimu. Unga unaopatikana hauna harufu ya kuvutia wala ladha ya maana. Ukiuonja mkavu utajiuliza ni nani alikuwa na njaa kiasi hiki akagundua.

Karanga nazo hutwangwa zikiwa mbichi. Ukizikaanga kwanza utapata harufu nzuri, lakini mkate utakuwa wa karanga na si wa kikanda. Maji huchemshwa pamoja na chumvi na pilipili, unga wa karanga unaingia, na hapo inahitajika subira: povu lipande, lishuke, harufu ya ubichi iondoke, mafuta yaanze kujionyesha juu. Mwenye haraka huharibu hapa, na kosa lake hulijui mpaka unapokula.

Kisha magadi. Zamani yalikuwa maji ya majivu yaliyochujwa. Siku hizi wengi hutumia ya dukani. Halafu mkono wa kushoto unanyunyiza unga wa kikanda na wa kulia unazungusha mwiko, bila kupumzika, na ndani ya dakika chache kilichokuwa uji kinakuwa kitu kingine. Mwiko unakuwa mzito. Mchemko unabadilisha sauti: zile pwa-pwa nyepesi zinakuwa chache, nzito, zinazochelewa kupasuka. Donge linaanza kuachana na ukingo wa sufuria.

Hapo ndipo mkono wa kushoto husimama, na hicho ndicho ninachokwenda kutazama. Hakuna kopo linaloweza kukwambia usimame wapi. Viazi vya bonde moja havilingani na vya bonde jingine; vya zamani havifanani na vya juzi; unga uliokaa msimu wa mvua umekunywa unyevu. Ukiongeza gao moja la ziada mkate unakuwa mpira, meno yanarudi. Ukipunguza gao moja haukatiki kamwe, utauzwa kwa kijiko na aibu. Wapishi wazuri husimama mapema kidogo kuliko unavyotegemea, wanazungusha mwiko mara kadhaa huku wamenyamaza, wanatazama, ndipo wanaongeza chembe mbili tatu au wanakung'uta mkono na kusema basi.

Donge husawazishwa kwa kijiko kilicholowa maji. Mfuniko unawekwa, makaa yanapunguzwa chini ya sufuria, na mengine, yaliyo mekundu, yanapangwa juu ya mfuniko. Mbabula, jiko la kawaida la makaa, inageuka tanuri. Moto wa juu hukausha uso wa mkate na kuupa ngozi ya kahawia iliyokoza. Moto wa chini unamalizia tumbo lake. Kwa muda mrefu hakuna cha kufanya zaidi ya kuongeza kaa moja hapa na kuondoa jingine pale. Mpishi huchambua mboga, hujibu watoto, lakini pua yake haijaondoka kwenye sufuria.

Wenye maabara wana maelezo yao. Viazi vya okidi vina glukomanani, aina ya wanga ambayo hunywa maji na kuvimba kupita kiasi, na magadi huifanya ishikane na kuganda hata mkate ukipoa au ukipashwa moto tena. Wajapani hufanya jambo la karibu na hilo kwa chokaa na kiazi kingine kabisa wanapotengeneza konyaku. Waturuki husaga viazi vya okidi zao kuwa salepu, wakapata kinywaji cha moto cha majira ya baridi na aiskrimu inayovutika ya Maraş. Watu watatu wasiojuana wamefikia siri moja. Ila Mturuki huweka maziwa na sukari. Wa kwetu waliweka karanga na pilipili wakakifanya chakula cha kushibisha, na sitajifanya sina upande.

Kwamba ufundi huu uko Kipushi si ajabu ukiitazama ardhi. Mpaka wa Kongo na Zambia hapa ulichorwa kwa mkataba wa 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru la Kongo, ukifuata mgongo unaogawa maji: ya kaskazini yanashika Kafubu kwenda Luapula, ya kusini yanashukia Kafue kwenda Zambezi. Penye vichwa vya mito ndipo palipo na mabonde ya nyasi yenye maji, katikati ya misitu ya miombo, na okidi hizi hupenda mabonde hayo. Waliochora mstari walipata mgongo wa maji. Waliokuwa wakiishi pale, Walamba na Wakaonde, walibaki pande zote mbili na vinu vyao. Baadaye Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliajiri maelfu ya vijana kutoka Rodeshia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na ladha za Wabemba zikaja kukaa kambini.

Mgodi wa Kipushi ulianza kazi miaka ya 1920, ukapita mikononi mwa kampuni ya serikali, Gécamines, ukasimama 1993. Mfanyakazi wa kampuni alizoea kupokea mposho, yaani mgao wa chakula, pamoja na mshahara. Vyote viwili vilipokauka, nyumba nyingi katika miji ya migodi ya Katanga zilishikiliwa na meza ya mama sokoni. Zinki imeanza kutoka tena tangu 2024, na meza hazijaondoka.

Kilichobadilika ni kiazi. Karibu na miji kimepungua, kwa sababu kuchimba kile kipya ni kuumaliza mmea mzima. Zambia ilianza kutafuta mbali zamani, hadi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikivuka kutoka huko kila mwaka, na hofu kwamba okidi zingemalizwa ni mojawapo ya mambo yaliyosukuma Kitulo, uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, kufanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Okidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, kwa hiyo kuzivusha mpaka kunahitaji kibali. Nina mashaka kama gunia lililofungwa juu ya baiskeli limewahi kuombwa karatasi hiyo.

Nawaelewa wanaotaka biashara hii isimame, na nawaelewa zaidi wapishi. Mwenye ujuzi ndiye anayetumia unga kidogo zaidi: husimamisha mkono pale pale panapotosha, wakati asiyejua humwaga mwingine nusu ili kuokoa uji uliomshinda. Siku hizi macho yake yanafanya kazi kabla ya mkono. Anafungua gunia, anachagua vilivyokaza, anavitupa vilivyo vyepesi, na unga uliokwisha kutwangwa na mtu mwingine anaujaribu kwanza kwenye kijiko cha maji, aone kama unavuta au unazama tu na kutulia chini. Uliochanganywa na unga wa muhogo hujitangaza wenyewe.

Ukienda, fika kabla ya saa kumi na mbili. Usiombe kipande cha katikati, laini na cha mraba, kinachopendeza machoni. Hicho waachie wageni. Omba cha ukingoni, chenye ngozi iliyokauka pande mbili, na umwombe mama akikate mbele yako. Kama kisu kimetoka kikavu, nunua viwili, na mwombe matabishi bila haya. Atalalamika kwamba viazi vimepanda bei, nawe utakubali kwamba vimepanda, na bado atakukatia ubavu mwembamba wa nyongeza, wenye karanga moja nzima iliyoponea kinuni.