Ushahidi wa Historia katika Kamusi Elezo: Usinge na Njia ya Misafara

Tukiifungua Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo huru iliyoanzishwa mwaka 2003 na ambayo mtu yeyote aweza kuiandika na kuisahihisha, tutaziona kata nyingi za nchi yetu zimeelezwa kwa mistari michache tu: jina la kata, wilaya, mkoa, na idadi ya watu kwa mujibu wa sensa. Makala fupi ya namna hiyo huitwa mbegu, na jina hilo ni zuri, maana mbegu hutazamiwa kuota. Neno tunalotaka kulijadili hapa ni hili: mbegu ya historia yafaa ikuzwe kwa kitu gani?

Tuchukue mfano wa Usinge, kata ya Wilaya ya Kaliua katika Mkoa wa Tabora. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, yapita hapo. Kabla ya reli, misafara ya biashara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa ikienda na kurudi kati ya pwani, Tabora na Ujiji. Basi mwandishi mwenye mapenzi na kwao hushawishika kuandika kwamba misafara ilipita Usinge, akaliachia jambo hapo. Sentensi hiyo yapendeza masikioni, lakini haina shahidi, kwani reli haiwezi kuitolea ushahidi njia ya miguu.

Na njia ya miguu haikuwa moja. Burton na Speke, walipotoka Tabora kuelekea ziwani katika safari yao ya 1857 na 1858, walipita Msene, kisha wakauvuka mto Malagarasi. Lakini Stanley alipoondoka Tabora mwezi Septemba 1871, alizunguka upande wa kusini kwa kupitia Ugunda na Ukonongo, kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji. Vita, hongo, maji na chakula ndivyo vilivyoamua mguu ukanyage wapi. Kwa hiyo mwandishi hana budi kusema ni msafara wa nani, wa mwaka gani, na habari zake zimeandikwa wapi. Asipoyapata hayo, heri mbegu ibaki mbegu kuliko kuoteshwa magugu.

Hata hivyo, kumtaja shahidi peke yake hakutoshi. Yapasa tujue alikuwa amesimama wapi alipokuwa akitazama. Mwaka 1871 Stanley alipigana upande wa Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo, nao wakashindwa, na sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Katika kitabu chake cha 1872 Mirambo ni mnyang'anyi. Mwezi Aprili 1876 watu hao wawili walikutana, wakachanjiana udugu wa damu. Na katika kitabu cha 1878 mnyang'anyi yule amekuwa mtawala wa kusifiwa. Mwandishi ni yule yule, na mtemi ni yule yule. Sasa, ikiwa makala ya kamusi elezo itamwita Mirambo mnyang'anyi, na tanbihi ikasema "Stanley" tu, msomaji atakuwa amesaidiwa nini? Tanbihi yenye manufaa humwonyesha kitabu, mwaka na ukurasa, naye ataona mwenyewe kwamba neno lile lilitoka kinywani mwa adui aliyeshindwa.

Jambo la pili ni uaminifu katika kunukuu. Norman Bennett, aliyetoa kitabu juu ya Mirambo mwaka 1971, aliandika katika jina la kitabu mwaka wa kuzaliwa "1840?", pamoja na alama ya kuuliza. Mtaalamu huyo hakuona haya kuonyesha shaka yake juu ya jalada. Mwandishi akiichukua tarehe hiyo na kuiacha alama, huwa ameongeza uhakika ambao mwenye kitabu hakuutoa. Na mwanafunzi ataukariri uhakika huo wa bandia hadi chumba cha mtihani.

Jambo la tatu latuhusu sisi wenye lugha. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya ishirini. J. B. Kabeya naye aliandika kwa Kiswahili kitabu juu ya Mtemi Mirambo, kilichotolewa mwaka 1966. Ni ajabu basi mwandishi wa Kiswahili akitafsiri kutoka Kiingereza habari ambazo mwanzo zilisemwa kwa Kiswahili. Si kwamba Tippu Tip aaminiwe kwa kila neno. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na alijieleza apendavyo. Lakini shahidi ahojiwe kwa lugha yake kwanza.

Wengine husema kwamba kazi ya wengi haiwezi kuwa safi, kwa kuwa wapishi wengi huharibu mchuzi. Twajibu kwamba mikono mingi kazi haba, mradi kila mkono uonekane. Kamusi hiyo huhifadhi kila badiliko, na ina ukurasa wa majadiliano ambapo hoja huulizwa na kujibiwa. Hatari iko kwingine: gazeti huchukua kosa kutoka katika kamusi, kisha kamusi hulitaja gazeti kuwa ushahidi. Hapo uongo huwa umejizaa wenyewe. Wahenga walisema lisemwalo lipo, lakini katika historia lisemwalo lataka msemaji.

Je, wazee wa Usinge wasioandika vitabu? Kanuni ya kamusi hiyo hutaka habari ziwe zimekwisha kuchapishwa mahali pa kuaminika, na kwa hiyo masimulizi ya barazani hayaingii moja kwa moja. Malalamiko juu ya kanuni hiyo yana haki yake, lakini dawa si kuivunja. Walimu na wanafunzi wa historia wanaweza kuyaandika masimulizi hayo kwa idhini ya wenyewe, wakitaja msimulizi, kijiji na mwaka, wajuzi wayapitie, kisha yachapwe na kuwekwa maktabani. Ndipo kamusi itakapoweza kuyataja, na mzee wa Usinge ataitwa shahidi kwa jina lake, kama Burton na Stanley walivyoitwa kwa majina yao.

Taifa lililopata uhuru wa kujiandikia historia limejitwika pia wajibu wa kuithibitisha. Mwalimu atakayemwuliza mwanafunzi wake, "Umelipata wapi neno hili?" na asikubali jibu la "mtandaoni", atakuwa ameanza kazi hiyo.