Microsoft ilivyong'oa vipandio vya ngazi ya Nokia

Tarehe 3 Septemba 2013 Microsoft ilitangaza kwamba inanunua kitengo cha simu cha Nokia kwa yuro bilioni 5.44: bilioni 3.79 bei ya biashara yenyewe, na bilioni 1.65 za kibali cha kutumia hataza za Nokia kwa miaka 10. Mnunuzi hakuwa katika hali nzuri. Julai ya mwaka huo alikuwa amemeza hasara ya dola milioni 900 kwa vishikwambi vya Surface RT vilivyododa madukani, na Agosti mkuu wake, Steve Ballmer, alitangaza kwamba atang'atuka. Muuzaji alikuwa hoi zaidi. Wengi hulieleza anguko lililofuata kwa sentensi moja: iPhone na Android ziliwahi, Windows Phone ikachelewa. Kwa London na Helsinki maelezo hayo yanatosha. Ukiyapeleka Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni pale Iringa, yanapwaya, kwa sababu huko wateja wengi walikuwa bado hawajauchagua mfumo wowote wa simu janja. Walikuwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe yenye tochi, na mara nyingi kitochi chenyewe kilikuwa Nokia.

Hesabu za Nokia zinaonyesha wazi kilichokuwa kinauzwa. Kati ya Aprili na Juni 2013 kampuni iliuza simu janja za Lumia milioni 7.4 na simu za kawaida milioni 53.7. Yaani karibu tisa katika kila simu kumi zilikuwa za kundi ambalo wachambuzi wa Marekani hawakulijali. Microsoft yenyewe ililijali, walau kwa maneno: mteja angeanza na Nokia 105, iliyozinduliwa kwa bei ya yuro 15, akapanda hadi simu za kati za Asha, mwisho akafika Lumia yenye Windows. Wawekezaji waliambiwa kwamba faida ghafi katika kila simu janja ingetoka chini ya dola 10 na kuvuka dola 40, na kwamba biashara ingejilipa ikishapita simu janja milioni 50. Kwenye karatasi ngazi ilisimama vizuri. Hoja yangu ni kwamba mkataba wenyewe, pamoja na uamuzi mmoja wa Julai 2014, ndivyo vilivyoivunja, kabla hata Android haijaimaliza kazi.

Tuanze na jina. Microsoft ilipewa haki ya kutumia jina Nokia kwenye simu za kawaida kwa miaka 10, lakini kwenye simu janja kwa muda mfupi tu. Novemba 2014 ikatoka Lumia 535 ikiwa na jina la Microsoft. Sasa fikiria mnunuzi wa Mafinga anayetaka kuachana na kitochi. Imani yake kwa Nokia haikutokana na matangazo. Ilitokana na tochi, na chaji inayokaa siku kadhaa kijijini kusiko na umeme. Ilitokana pia na betri ya BL-5C iliyoingia katika matoleo mengi ya Nokia na hata katika redio ndogo za Kichina, kiasi kwamba ikifa hukosi nyingine, na chaja ya pini nyembamba inayopatikana kwa kila anayechajisha simu kwa sola. Imani ya namna hiyo hukaa kwenye vipuri na mikononi mwa mafundi. Hapandi nayo mtu kwenda kwenye simu yenye betri nyingine, chaja nyingine na jina asilolijua, isipokuwa pawe na kitu cha kumshika mkono katikati ya safari.

Na katikati ndiko kulikofyekwa. Julai 2014, miezi mitatu hivi tangu mkataba ukamilike, mkuu mpya Satya Nadella alitangaza kupunguza wafanyakazi 18,000, na 12,500 kati yao walitoka upande wa Nokia. Asha, mfumo wa Series 40 na Nokia X iliyotumia Android vikasimamishwa. Ubaya wa uamuzi huo hauonekani mpaka uangalie watu walikuwa wanavutwa na nini. Kutuma na kupokea pesa hakukuwavuta kwenye simu janja hata kidogo. M-Pesa ya Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2008, na menyu ya *150*00# huishi kwenye mtandao, si ndani ya simu. Mkulima wa mpunga wa Mbarali au wa nyanya wa Ilula hulipwa kwa kitochi sawasawa na mwenye simu ya milioni. Kilichomvuta mtu juu kilikuwa WhatsApp, Facebook na picha, na WhatsApp ilipatikana kwenye Asha. Kipandio kilichong'olewa ndicho hasa ambacho watu wangekikanyaga.

Pingamizi la kwanza ni zito: Nokia ilishindwa na laini mbili, si na mkataba. Katika nchi ambayo mtu alibeba Voda, Tigo na Airtel kwa kukwepa gharama za kupiga mtandao mwingine, na ambako mlima mmoja wa Kilolo unaweza kukunyima mtandao huu ukakuachia ule, simu ya laini moja ilikuwa kero, na Tecno ya China ililiona hilo mapema. Nalikubali nusu. Linaeleza jinsi Tecno ilivyoingia. Halielezi kwa nini Microsoft, iliyorithi Asha za laini mbili na ikatoa Lumia 630 ya laini mbili mwaka 2014, iliacha uwanja. Wapo pia wasemao kwamba mnunuzi wa simu ya yuro 15 hana faida. Transsion, wenye Tecno, itel na Infinix, waliingia soko la hisa la Shanghai mwaka 2019 kwa kuwategemea sana wateja hao. Msomaji makini atanibana hapo: mbona wao wana majina matatu, ikiwa kubadili jina ndiko kulikoiponza Nokia? Kweli, ila hawakuacha pengo la bei kati ya simu na simu, na Tecno yenyewe iliuza vitochi na simu janja kwa jina lile lile.

Julai 2015 Microsoft ilifuta dola bilioni 7.6 vitabuni. Mei 2016 simu za kawaida zikauzwa kwa kampuni za HMD na FIH Mobile kwa dola milioni 350. Mwezi uliofuata TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ikazima simu bandia nchi nzima, na waliozimiwa wakalazimika kutafuta simu halisi za bei nafuu, wakati Nokia iko njiani kati ya wenye nyumba wawili. HMD ilianza kazi rasmi Desemba. Kipandio cha katikati kilikuja kurudishwa baadaye na watu wengine kabisa: Vodacom ilileta simu ya vitufe yenye mfumo wa KaiOS na intaneti ndani yake, ikaiita Smart Kitochi.