Taksimu Juu ya Kliki: Taarabu ya Ridhaa Inapoingia Studio

Taksimu ya kanuni haihesabiwi. Mpigaji huanza kwenye sauti ya msingi ya makamu, yaani mfumo wa sauti wa wimbo, huizunguka, hupanda kidogo kidogo, hutua pale anapoona pamekolea, kisha hushuka na kuwakabidhi wenzake wimbo. Dumbaki hunyamaza, rika hunyamaza, na fidla hushikilia sauti moja tu au haziguswi kabisa. Ndivyo inavyojulikana na kila aliyewahi kukaa barazani klabu inapofanya mazoezi. Lakini katika rekodi nyingi za sasa za vikundi vya ridhaa vya Unguja, kipande hiki hupigwa juu ya kliki. Mpigaji huvishwa hedifoni, hutiliwa tiki-tiki ya kompyuta masikioni, na huambiwa amalize ndani ya pau nane ili kinanda kiingie mahali pake. Uamuzi huo ni kosa, na karibu kila dosari nyingine inayosikika katika rekodi hizo ni mtoto wake au ndugu yake.

Taarabu ya Unguja imejengwa juu ya klabu, na klabu ni ya wanachama. Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905, na Culture Musical Club iliyoanza 1958 kutoka kwa vijana wa chama cha Afro-Shirazi, zimebebwa na watu wenye kazi zao za mchana: walimu, makarani, mafundi, wenye maduka madogo. Jioni hukutana, hutia ala sauti, hurudia wimbo mmoja mpaka utulie. Maonyesho ni ya harusi, ya sikukuu za Idi, ya hafla za serikali na siku hizi ya watalii. Tunzo anazopewa mwimbaji jukwaani, kwa desturi ya klabu, huingia katika mfuko wa wote. Anayetafuta utajiri hatakaa huko muda mrefu.

Mpigaji yuleyule wa klabu utamkuta usiku mwingine kwenye harusi ya mtaa wa Ng'ambo akiwa na kidumbaki: fidla moja, sanduku la besi, vidumbaki viwili, mkwasa na cherewa. Makame Faki, aliyeimba Culture na kupiga fidla ya kidumbaki, ndiye mfano unaotajwa zaidi, na anastahili. Kwenye kidumbaki hakuna karatasi wala mpangilio uliokwisha kufungwa. Wimbo hurefuka bibi harusi akichelewa kutoka, na hukatwa wachezaji wakichoka. Mwenye fidla humsikiliza mwimbaji, mwenye sanduku humsikiliza mwenye fidla, na vidumbaki huwaangalia wanaocheza. Huko ndiko sikio la mpigaji wa ridhaa linakonolewa. Hana saa nane za mazoezi kwa siku kama msomi wa chuo cha muziki. Alichonacho ni miaka mingi ya kuwasikiliza watu walewale, kiasi cha kujua mwenzake anataka kuvuta pumzi kabla hajaivuta.

Studio ya leo huanza kwa kuvunja kitu hichohicho. Prodyuza huchukua kasi ya wimbo kutoka kwenye rekodi ya simu ya mazoezini na kuiweka kwenye kliki. Kinanda huingia kwanza, kikitandika sauti nzito ya nyuzi mwanzo hadi mwisho kama mwongozo. Besi hufuata, kisha dumbaki, au dumbaki ya kompyuta ikiwa mwenyewe amebanwa kazini. Fidla huja na mtu mmoja anayerudia kipande kilekile mara tatu au nne ili isikike kama safu. Waitikiaji huitwa siku yao, kanuni siku yake. Mwimbaji, ambaye wimbo wote ulipaswa kumfuata yeye, huja mwisho na kukuta kila kitu kimekwisha kukauka.

Hila ya fidla inasikika hata kwenye redio ya daladala. Wapigaji wanne waliokaa safu moja hupishana kwa unywele: mmoja huteleza kufikia sauti, mwingine huikuta palepale, wa tatu hutetemesha mapema. Kupishana huko ndiko kunakoitia safu unene. Mtu mmoja akirudiwa mara nne hutelezea palepale kila mara, na matokeo yake ni fidla moja iliyovimba.

Lakini kosa lenyewe ni taksimu. Mpigaji kanuni huvaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, kila moja ikiwa imebana kipande chembamba cha kukwanyulia nyuzi. Upande wa kushoto wa ala, kila fungu la nyuzi tatu lina vijiti vidogo vya chuma vinavyoinuliwa au kulazwa ili kupandisha au kushusha sauti kidogo. Anapotaka kutoka makamu ya rasti kwenda bayati, au kugusa hijazi na kurudi, mkono wa kushoto huacha nyuzi, huinua kijiti, kisha hurejea. Wakati huo mkono wa kulia huiacha sauti iliyokwisha kupigwa ilie mpaka inyong'onyee. Hapo ndipo taksimu ilipo. Kimya kile kifupi, ambacho msikilizaji anajua kuna kitu kinageuka lakini hajui kitageukia wapi, hakina urefu maalumu. Mpigaji hukipima kwa chumba, kwa mwimbaji aliyekaa kando, na kwa jinsi uzi wenyewe unavyokufa.

Kliki haifi. Ikiwekwa kwenye mapigo 80 kwa dakika, pau nane za mapigo manne ni sekunde 24 kamili, na ndani ya sekunde hizo mpigaji anatakiwa aitambulishe makamu, aitembelee nyingine na arudi nyumbani. Kijiti kikichelewa kuinuka, tiki inayofuata imekwisha kupita. Mwenye uzoefu hufanya moja kati ya mawili: huharakisha ageuze kabla ya tiki, au husubiri mpaka tiki ijayo ndipo aguse uzi. Kwa vyovyote vile, vituo vyote vya taksimu hutoka na urefu mmoja. Msikilizaji asiyejua jina la makamu hata moja huhisi kuna kitu kimekaza, na yuko sahihi. Wahariri wengine huongeza chumvi kwa kunyoosha sauti za kanuni zilizoangukia kati ya tiki na tiki, wakiziburuta kwa panya wa kompyuta hadi kwenye mstari. Kinachobaki ni mazoezi ya vidole yaliyopewa jina la taksimu.

Halafu kuna kinanda kilichotandikwa chini yake. Oktava ikigawanywa vipande 1,200, kinanda cha kawaida huwa na ngazi kila vipande 100. Sauti ya tatu ya rasti hukaa karibu na 350, katikati ya ngazi mbili, na mpigaji mzuri huisogeza juu au chini kidogo kadiri anavyopanda au kushuka. Kinanda kina 300, ambayo ni ya huzuni, na 400, ambayo ni ya bendi ya shule. Kikishika mojawapo huku kanuni ikilia katikati, sauti mbili hugombana, na katika ugomvi huo aliyetengenezwa kiwandani ndiye hupewa haki. Mpigaji kanuni huambiwa ala yake imeachia, vijiti vyake hulazwa, na rasti hugeuka makamu ya ajami bila mtu kutangaza. Ikumbukwe kwamba vinanda vyenye vitufe vya kushusha sauti nusu ya ngazi kwa ajili ya muziki wa Kiarabu vimekuwa sokoni kwa miaka mingi, na vingi vimefika Unguja kutoka Ghuba. Kitufe kipo. Hakibonyezwi.

Kinanda na taarabu ni kesi ya zamani. Tangu taarabu ya kisasa ilipotawala kumbi katika miaka ya 1990, kimemeza akodiani, selo na nai, na kila kilipomeza kilidai kinapunguza gharama za kusafirisha watu. Kwenye taarabu hiyo ya kisasa, yaani rusha roho, ambako maneno ndiyo hubeba usiku, hasara hiyo inavumilika. Kwa klabu inayojiita ya asilia haivumiliki. Tamasha la Sauti za Busara, tangu lilipoanza 2004, limeshikilia kwamba wanaopanda jukwaani wapige papo kwa papo, na hiyo ni hatua nzuri. Ajabu ni kwamba kikundi kinachopiga vizuri kwenye tamasha hilo bila msaada wa kompyuta huenda studio kujifunga chenyewe.

Wanaoutetea uamuzi huu wana hoja mbili. Ya kwanza ni muda: watu ishirini wenye kazi zao hawapatikani pamoja, na studio hutoza kwa saa. Ya pili ni usafi: akikosea mmoja, hurudia yeye peke yake. Hoja ya pili ni ya kweli lakini ndogo. Ya kwanza inajijibu, kwa sababu watu haohao ishirini hupatikana pamoja jioni ya mazoezi, katika jengo lao, bila kulipia saa. Maikrofoni mbili nzuri zilizosimamishwa mbele ya kikundi, na ya tatu kwa mwimbaji, zinatosha. Kinachotakiwa ni kupanga watu badala ya kupanga faili: kanuni na udi mbele kwa sababu sauti zao ni ndogo, fidla nyuma yao, akodiani pembeni, waitikiaji wakisimama, dumbaki na bongo mbali kabisa na zulia likiwa chini yao. Asikike nani zaidi ni suala la hatua mbili mbele au nyuma.

Waliotangulia walifanya kazi katika hali ngumu kuliko hiyo. Siti binti Saad na wapigaji wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za His Master's Voice. Upande mmoja wa sahani ulibeba kama dakika tatu, na kilichokwisha kuchorwa hakikuweza kukatwa wala kubandikwa. Aliyekosea aliwakosea wote, na wote walirudia. Bado udi wa sahani zile hupumua, na sauti ya Siti hutangulia au huchelewa apendavyo huku wenzake wakimfuata. Miongo iliyofuata, kanda za redio ya Unguja pale Rahaleo zilijazwa na okestra nzima ikiwa chumbani. Na mwaka 1988, kampuni ya GlobeStyle ya London ilipokuja kuwarekodi Ikhwani Safaa na Culture, ilikuja na mitambo yake, na ikawaacha wapige pamoja. 

Kwa haki, uimbaji katika rekodi mpya ni safi, waitikiaji wamekaa pamoja, na tungo nyingine ni nzuri.

Kinachoweza kuokolewa si kidogo. Kwa kuwa kila ala ilirekodiwa peke yake, kila ala iko katika faili yake, na hilo ndilo jema pekee la utaratibu huu. Kinanda kinaweza kuzimwa kwenye sehemu ya taksimu bila kugusa kingine chochote. Mpigaji kanuni anaweza kuitwa tena jioni moja, avuliwe hedifoni, mwimbaji akae mbele yake, apige mpaka amalize kwa urefu autakao, na taksimu hiyo ibandikwe kabla ya dumbaki kuingia. Vikundi vyenye rekodi ambazo hazijatolewa viziombe faili hizo kwa prodyuza sasa, kabla hajafuta mashine yake kupisha kazi nyingine.