Mashine kuukuu ya marobota: kagua fundo kabla ya rangi

Masika yakiisha na mpunga wa bonde la Ruvu ukavunwa, majani hubaki majarubani na marundo yake mengi huishia kuchomwa moto. Papo hapo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Kibaha, Mlandizi na vilima vya Kisarawe wanaanza kuhesabu miezi ya kiangazi hadi vuli ya Oktoba. Kwa hiyo mtu anayefikiria kununua mashine ya mtumba ya kufunga marobota madogo ya mstatili, iwe New Holland, Claas, Welger au Massey Ferguson iliyostaafishwa na mkulima wa Ulaya, hajakosea hesabu. Anapokosea ni kwenye kuchagua. Wanunuzi wengi huuliza chapa kwanza, kisha mwaka wa kutengenezwa, kisha huzunguka mashine wakitazama kutu na rangi. Kwa mnunuzi wa Pwani mpangilio huo uko kichwa chini miguu juu. Thamani ya mashine hii iko kwenye vifunga fundo viwili vilivyokaa juu ya chemba ya kushindilia majani, na kwenye uwezekano wa kupata vipuri vyake. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni chuma ambacho fundi mchomeleaji wa Mailimoja, Kibaha, anakimudu.

Utendaji wenyewe haujabadilika sana tangu Ed Nolt wa Pennsylvania, Marekani, alipounda mashine iliyojifungia kamba yenyewe mwishoni mwa miaka ya 1930, na kiwanda cha New Holland kikaichukua. Meno huokota majani, uma huyasukuma ndani, kishindilio hukata na kushindilia mara 80 hivi au zaidi kwa dakika, na robota hukua kidogo kidogo ndani ya chemba ambayo kwa mashine nyingi ina upana wa sentimita 46 na kimo cha sentimita 36. Gurudumu dogo la nyota hupima urefu. Urefu ukitimia, sindano mbili zilizopinda hupanda na kamba kupitia nafasi zilizoachwa kwenye kishindilio, disiki hushika ncha, kidomo huzunguka mara moja kutengeneza kitanzi, kisu hukata, na fundo huvutwa kutoka kwenye kidomo. Yote hayo yanatimia katika muda usiofika sekunde moja. Sasa linganisha sehemu hizo kwa jicho la karakana. Jino la kuokotea likivunjika, hukunjwa jingine kwa chuma cha springi. Sakafu ya chemba iliyoliwa huwekewa bati jipya. Beringi ina namba, na kwa namba hiyo utaitafuta kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam. Kidomo, disiki na gia zinazoviendesha ni vyuma vilivyotengenezwa kwa umbo na ugumu maalumu, na vikilika kidogo tu fundo halishiki. Hapo ufundi wa kuungaunga unagonga mwamba.

Mazingira ya huku yanaipa hoja hii uzito zaidi. Ulaya mashine huburutwa juu ya mistari mirefu ya majani yaliyolazwa shambani, hivyo mnunuzi wa kule ana haki ya kuogopa meno yaliyochoka. Ruvu, mpunga mwingi uliokatwa kwa mundu na kupurwa mahali pamoja huacha marundo, na kingo za majaruba haziruhusu trekta kukimbia na mashine iliyochomoza upande mmoja. Mara nyingi itakuwa nafuu kuisimamisha mashine kando ya rundo na kuilisha kwa uma mrefu. (Uma mrefu, nasisitiza. Mkono haupaswi kukaribia sehemu ya kulishia wakati shafti ya PTO, inayoleta nguvu ya trekta, inazunguka, maana mashine hizi zimekwisha kukata mikono ya watu wazoefu.) Ukifanya kazi hivyo, sehemu ya kuokotea unayoambiwa uikague kwanza inashuka daraja. Visu vya kishindilio vinapanda, kwa sababu majani ya mpunga yana silika nyingi na hula chuma mpaka kikaisha. Nafasi kati ya kisu kinachotembea na kile kilichosimama haitakiwi kufika milimita moja. Ikizidi, robota hutoka na mikia upande mmoja, pengine limepinda kama ndizi. Hata hivyo kisu hunolewa na kurekebishwa, kwa hiyo kasoro hiyo ni ya kupunguzia bei tu.

Ukaguzi wenyewe uanze injini ikiwa imezimwa na shafti imechomolewa. Zungusha flaiwili kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida, achia mkono wa kufyatua fundo, kisha endelea polepole ukiangalia sindano zinavyopanda. Zisiguse kuta za chemba wala kishindilio. Sindano yenye alama ya kuchomelewa iulizwe maswali mawili zaidi, kwa kuwa kuna kizuizi kinachopaswa kusimamisha kishindilio sindano zikiwa ndani zimechelewa, na sindano iliyovunjika huashiria kizuizi hicho kilishindwa au kilifungwa kwa waya. Tingisha kidomo: kikicheza huku na huku, bushi zimekwisha. Kisha funga mashine kwenye trekta, mizunguko 540 ya PTO kwa dakika, uangalie mafundo halisi. Ncha zilizochanika ovyo zinaonyesha kisu cha kamba ni butu, na kamba inayochomoka upande mmoja inaonyesha disiki haishiki. Kwa trekta, Massey Ferguson 290 inatosha na kubaki, ilhali pawatila haiwezi kabisa.

Wapo watakaosema mashine ndogo ya marobota ya mviringo inaondoa tatizo, maana nyingi hazina kifunga fundo. Ni kweli, ila mzigo wa mviringo huacha nafasi tupu kwenye lori la Canter na kwenye ghala, na ng'ombe wa Kisarawe analishwa na majani yaliyosafirishwa, hivyo kila nafasi tupu ni nauli. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la sanduku la mbao, ambalo mtu hujaza majani, akakanyaga na kufunga kwa mkono. Kwa mfugaji wa ng'ombe wawili au watatu sanduku linashinda, bila ubishi. Mashine inajitetea kwa wingi: kama robota la sentimita 90 linahitaji mapigo 15 hivi ya kishindilio, mapigo 80 kwa dakika yangetoa marobota 320 kwa saa, na hata ukipata robo tu ya hayo bado ni 80. Asiye na majani ya kulisha kasi hiyo, au majirani wa kuwafungia kwa malipo, asinunue. Tena robota haliboreshi lishe. Majani ya mpunga yana protini kidogo, na anayetaka zaidi ya kushibisha tumbo atahitaji kuyatibu kwa urea, takribani kilo 4 kwa kilo 100 za majani, kwa uangalizi wa afisa mifugo.

Limebaki la kamba, nalo watu hulisahau. Robota la sentimita 90 hula mita 5 na ushei kwa nyuzi zake mbili, kwa hiyo marobota 1,000 yanamaliza zaidi ya kilomita 5. Kifunga fundo kilichorekebishwa kwa kamba nene ya katani hakifungi vizuri nyembamba ya plastiki mpaka kirekebishwe upya. Katani ni ya kwetu. Katika miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na kamba za marobota za Ulaya na Marekani zilikuwa soko lake kuu kabla ya plastiki kulivuruga. Inaoza, na kipande kikiponyoka kwenye chakula cha ng'ombe hakikai tumboni kama plastiki. Nenda na kamba hiyo kwa muuzaji, pamoja na majani makavu ya mpunga, umwombe afunge marobota 20 mfululizo mbele yako. Akikataa, au akikuambia vifunga fundo vinahitaji marekebisho madogo tu, mwachie mashine yake hata kama rangi inang'aa na bei ni ya kutupa.